Nguzo ya Kumi na Tisa

Saa kumi na mbili na robo, Julai.
Nakuru imejifunika ukungu hadi kidevuni.
Nakaa ukingoni mwa kitanda, nauuliza mguu wa kulia:
umeamkaje?
Haujibu upesi. Asubuhi huwa mkavu,
kama ngozi iliyosahauliwa juani.
Nauandikisha alfabeti hewani kwa kidole gumba,
kama alivyonifunza Nyanduko wa hospitali,
a, be, che; tukifika em
ukano wa kisigino unaguna, tunaruka herufi.

Soksi mbili, ya sufu juu.
Kiatu cha kushoto kwanza, kwa heshima ya mzima,
kisha cha kulia, taratibu,
kama anayemvisha mtoto sweta yenye shingo nyembamba.

Nilianguka Februari. Ngazi tatu tu,
nimekumbatia jora la kaki la sare za shule.
Jora halikupata hata doa.
Watu walilisifu jora.

Tangu hapo naipanda Menengai kwa nguzo za umeme,
Jumanne, Alhamisi, Jumamosi.
Wiki ya kwanza nguzo tatu. Ya pili, tano.
Ya tatu nilijiona shujaa, nikafika kumi na moja,
nikateremshwa kwa bodaboda, kiatu mkononi,
na wiki ya nne niliimaliza nikihesabu misumari ya dari.

Mwenda pole hajikwai, husema.
Mimi huenda pole, tena kwa fimbo, na hujikwaa.
Labda waliosema hawakupita njia hii
mvua ya jana ikiwa bado imelala kwenye jivu la mlima.

Baridi ya huku haina theluji ya kujitambulisha.
Huingia kwa tundu la kifungo kilicholegea,
hutafuta palipovunjika, hukaa hapo
kama mpangaji asiyelipa kodi
na anayeijua sheria.

Kwenye nguzo ya saba hunipita Tabutany,
punda wawili, mitungi minane ya maji.
Haniulizi naendeleaje. Huutazama unyayo wangu topeni,
ule wa kulia, unavyoburuta mkia.
"Leo mkia umefupika," husema,
na punda hawasimami.
Nimepigwa picha za mifupa mara mbili,
nikalipia,
hakuna iliyonisoma hivyo.

Nyanduko yeye hutaka namba, sifuri hadi kumi.
Mimi humpa nne, maana nne haimsumbui mtu.
Lakini kupanda ni tatu, kuteremka ni sita,
jiwe lisiloonekana ni tisa na tusi,
na ile dakika ninapoinama kukaza kamba
mikalitusi ikidondosha umande kwenye shingo yangu,
na chini kabisa ukungu unapasuka kidogo
ziwa likatokea, bapa, la kijivu, kama pasi iliyopoa,
hapo namba sina.

Leo, kumi na tisa.
Naigusa kwa kiganja; nguzo inavuma ndani kwa ndani.
Harufu ya leleshwa, na nyuma yake
harufu ya mvuke unaotoka tumboni mwa mlima,
kama yai lililochemshwa na kusahauliwa.
Ukingo wenyewe bado nguzo sita.
Mguu unasema twende.
Ndiyo mara ya kwanza kusema hivyo tangu Februari,
nami, niliyeusubiri miezi mitano,
nauambia: hapana. Geuka.

Unanuna mteremko mzima.

Saa tatu nitakuwa dukani,
kaptula kumi na nne za Shule ya Msingi zinaningoja,
mguu wa kushoto ukikanyaga cherehani peke yake,
wa kulia chini ya meza, juu ya chupa ya maji yaliyoganda,
ukiibiringisha mbele, nyuma,
mbele,
kama wenye safari.